Ghorofa ya Kwanza Mpaka ya Tatu

Benchi lile lilikuwa mlango mzee uliolazwa juu ya matofali, na tundu la kitasa lake lilikuwa bado lipo, likisubiri nguo ya mgeni. Wenyeji walijua kulikwepa bila kuangalia. Benchi liliegemea ukuta wa duka la dobi, chini ya dirisha lisilo na kioo wala pazia, kwa hiyo dobi aliweza kupiga pasi ndani huku akibishana na walioko nje. Jina la dobi huyo hakuna aliyelitumia. Walimwita Mzee Pasi. Mwenye kahawa, aliyekaa upande wa kivuli na jiko lake dogo, alikuwa Mama Birika. Fundi saa wa kibanda cha pili alikuwa Dakika. Na kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye kichwa chake hakikuwa na hata unywele mmoja wa kumtangazia biashara, alikuwa Kipara. Asubuhi hiyo walikuwa wametandaza karatasi kumi na moja za rangi juu ya benchi, wakazibana kwa vikombe zisipeperuke, na kwenye kila karatasi kulikuwa na meli ileile moja, kwa nje au kwa ndani, nyeupe, ndefu kuliko mtaa wao.

— Rudia bei, alisema Kipara.

Mzee Pasi akairudia kutoka dirishani, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wake mbele za watu.

— Hiyo ndiyo nzima?

— Nusu. Wazazi wa wafanyakazi wanapunguziwa nusu.

Kipara akapiga mluzi.

— Mimi kwa hela hiyo ningehama mji.

— Ungesema mapema, alisema Mama Birika. Tungekuchangia.

Wakacheka. Mzee Pasi naye alicheka, lakini jicho lake lilikuwa kwenye saa ya ukutani. Saa nne kasorobo. Binti yake, mwanawe wa pekee, alikuwa ameandika jana: baba, jina lako liingie kabla ya saa sita mchana kesho, baada ya hapo orodha ya familia inafungwa. Binti alikuwa dobi kama yeye, ila yeye alikuwa dobi wa melini. Miaka miwili alifanya kazi kwenye meli ya zamani ya kitalii, na sasa wamemhamishia hii mpya, ambayo ndiyo kwanza imetoka kwa walioiunda na haijawahi kubeba abiria hata mmoja. Safari yake ya kwanza ilikuwa ya siku saba, na binti alitaka baba yake awemo.

Hela alikuwa nayo, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Asingekuwa nayo angejibu mara moja na kurudi kwenye mashati ya watu. Lakini hela ile aliiweka miaka minne kwa ajili ya mashine ya pasi ya mvuke, ile inayobana shuka nzima kwa mkupuo mmoja, na mashine yenyewe ilikwisha kupatikana. Nyumba moja ya wageni iliyofungwa ilikuwa inaiuza, na mwenyewe alikuwa amekubali kumwekea mpaka leo jioni, basi. Kifundo cha mkono wake wa kulia, kilichonyanyua pasi ya mkaa na baadaye ya umeme kwa miaka thelathini na moja, kilikuwa kimekwisha kuamua. Moyo nao ulikuwa umeamua vyake. Miaka miwili hajamtia mtoto machoni. Ndiyo maana akazipeleka kwa mchapaji zile picha za meli binti alizomtumia, akaja nazo benchini.

— Mimi nakwambia mzee wangu, usipande kitu kipya, alisema Kipara. Meli mpya ni kama kiatu kipya, lazima kwanza kiwaume watu. Waache wenzako waumwe mwaka mzima. Wewe utapanda ikishalainika.

— Meli inalainika? aliuliza Mama Birika.

— Kila kitu kinalainika. Sasa hivi hata nahodha mwenyewe hajui swichi ya taa ya chooni iko wapi. Anapapasa ukuta. Mtu anayepapasa ukuta chooni ndiye unamkabidhi roho yako?

— Tuanze na hesabu, alisema Dakika.

Dakika hakuwa na saa yake mwenyewe. Alivaa saa tatu za wateja mkono mmoja, kuzijaribu, na zote tatu zilisema mambo tofauti.

— Siku saba ni saa mia moja sitini na nane. Ondoa za kulala, nane nane, ni hamsini na sita. Maana yake theluthi nzima ya nauli Mzee Pasi anaitumia amefumba macho. Hiyo ni hasara.

— Asilale basi, alisema Kipara.

— Ndiyo ushauri wangu. Akikesha mpaka siku ya nne bei inakaa sawa.

— Na siku ya tano mnamzika, alisema Mama Birika. Maziko nayo yamo kwenye bei, au ni ya kulipia pembeni?

Mzee Pasi akatabasamu. Hakuwaambia kwamba katika karatasi zote kumi na moja, ile aliyoiangalia zaidi usiku ilikuwa ya kitanda. Karatasi ya tatu. Kitanda kipana, shuka nyeupe, imevutwa mpaka haina hata mkunjo mmoja. Aliikagua kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenzake. Pasi ilikuwa nzuri, alikiri. Lakini pembe ya chini, upande wa kushoto, ilikuwa kavu. Haikuwa na sikio.

Sikio lilikuwa alama yake. Kila shuka iliyopita mikononi mwake aliimalizia kwa kukunja ile pembe kwa ndani, kidogo tu, kama sikio la paka aliyelala, akaipiga pasi ikatulia. Wateja wengi hawakujua liko pale. Aliyejua ni yeye, na marehemu mkewe, na binti, aliyefundishwa akiwa na miaka tisa, amesimama juu ya sanduku la sabuni ili afikie meza. Sasa hivi mbele yake palikuwa na shuka za zahanati, rundo zima, na mkono wake ukakunja sikio wenyewe wakati masikio yake mawili yakisikiliza benchi.

— Kinachonishinda mimi ni hili bwawa, alisema Mama Birika, akigonga karatasi kwa kijiko. Tazameni. Wako juu ya bahari. Bahari yote hiyo, bure, halafu mtu anatengeneza bwawa katikati yake na watu wanalilipia. Si sawa na mimi kuweka kikombe cha kahawa ndani ya birika la kahawa?

— Bahari ina mawimbi, alisema Kipara.

— Na bwawa la ndani ya meli, meli ikiyumba, linatulia? Linaogopa nini?

Kipara akafikiri.

— Wanalifunga kamba.

— Maji?

— Teknolojia, mama. Imeendelea.

— Na jambo jingine, alisema Dakika. Nimefuata huu mstari kwenye ramani kwa kalamu. Meli inatoka bandari kuu, inazunguka, inapita visiwa sita, siku ya saba inarudi bandari ileile. Sasa mtu akinihadithia kwamba amesafiri, namuuliza, umefika wapi? Anajibu, nimefika nilipotoka.

— Huo ni wizi, alisema Kipara.

— Si wizi, alisema Mzee Pasi kutoka dirishani. Mbona mishale ya saa zako inarudi ilipotoka, Dakika, na watu wanakulipa iendelee kurudi?

Benchi likashangilia. Dakika akainua kikombe kukubali kipigo. Mzee Pasi alijisikia vizuri kidogo, kisha vibaya, kwa sababu aligundua kwamba anaitetea meli, na mtu hatetei asichokitaka. Akakisugua kifundo cha mkono. Nacho kikamkumbusha mashine, jinsi inavyofunguka kama kitabu, unaweka shuka, unafunga, mvuke unapanda, kazi imekwisha.

— Leteni hiyo yenye ghorofa, alisema Dakika.

Wakaisogeza karatasi ya tisa, iliyochorwa meli imekatwa katikati kama mkate, ghorofa juu ya ghorofa, kila moja na namba yake. Dakika akatia jichoni lile lenzi lake dogo la kufanyia kazi na kuinama.

— Ghorofa ya kumi na sita, jua na bwawa. Kumi na tano, chakula. Kumi na nne, chakula.

— Tena? alisema Mama Birika.

— Wanakula kwa zamu na tumbo lao. Kumi na mbili mpaka nane, vyumba. Hakuna kumi na tatu.

— Kumi na tatu wameiogopa, alisema Kipara. Ona sasa, meli yenyewe inaogopa namba, mtu apande?

— Saba, sinema. Sita, maduka. Tano, ukumbi wa muziki. Nne, mapokezi.

Dakika akaigeuza karatasi, nyuma hapakuwa na kitu. Akairudisha.

— Halafu?

— Halafu basi. Inaanzia nne.

— Haiwezekani, alisema Kipara. Nyumba gani inaanzia ghorofa ya nne? Moja, mbili, tatu ziko wapi?

— Hazikuchorwa. Chini ya nne kuna rangi ya bluu tu. Maji.

Hapo ndipo benchi lilipochangamka kweli. Kipara alisema ni wazi, mkandarasi hajamaliza, yeye amejenga, anawajua mafundi: wamekimbilia kupaka rangi juu ili watu waanze kulipa, chini bado ni miti na misumari. Dakika akasema hapana, tatu za chini ni uzito mtupu, mawe na saruji, kwani kitu kirefu vile bila mzigo chini kingelala ubavu kama mlevi. Mama Birika akasema wanaume hawajui watu wenye hela: tajiri wa kweli hapendi kuonekana, kwa hiyo wale wa juu na mabwawa yao ni matajiri wa kujionyesha tu, na wale hasa, wenye meli na wenye bahari, wamejificha chini wanakunywa kahawa kimya kimya.

— Yangu yanapita yenu yote, alisema Kipara, akisimama. Sikilizeni. Humo ndani kuna meli nyingine. Ndogo. Kubwa ikizama, tumbo linafunguka, ndogo inatoka na nahodha wake tofauti, aliyekuwa amelala muda wote.

— Na huyo naye anajua swichi ya chooni?

— Huyo anaijua. Ndiyo kazi yake.

Walikuwa bado wanacheka alipofika muuguzi. Alikuwa mgeni mtaani, wiki ya pili tu tangu ahamishiwe kwenye ile zahanati, na alikuwa ametoka zamu, macho mekundu, anataka sare zake mbili. Akakaa ukingoni mwa benchi, na tundu la kitasa likalishika pindo la gauni lake kama ilivyo desturi yake.

— Pole sista, alisema Mama Birika, akimnasua. Hilo linaonja kila mgeni. Pata kahawa.

— Asante mama. Mna harusi? Karatasi zote hizi.

Wakamweleza, wote kwa pamoja, na kwa kuwa kila mmoja alianzia mahali pake, ilibidi Mzee Pasi atoe kichwa dirishani amweleze upya: meli mpya, nusu bei, siku saba, binti yake ni dobi huko, hajamwona miaka miwili, jibu linatakiwa kabla ya saa sita. Muuguzi alisikiliza vizuri, kikombe kikiwa katikati ya mikono yake miwili. Hakuiangalia ile picha ya bwawa. Aliangalia saa yake, kama mtu anayepiga hesabu ya zamu ya mwenzake.

— Sasa baba, huko melini, wewe na yeye mtaonana saa ngapi?

Dakika, aliyekuwa amegawa saa mia moja sitini na nane mpaka za kupiga miayo, aliangalia mkono wake wenye saa tatu. Mama Birika alilishusha birika jikoni taratibu.

Mzee Pasi alisimama pasi mkononi. Kitu fulani kilikuwa kinajipanga kichwani mwake, chenyewe, kama nguo zinavyojipanga zikishajua zamu zake. Miaka miwili binti alimpigia simu ya picha kila Jumapili. Miaka miwili nyuma ya kichwa chake kulikuwa na ukuta wa rangi ya maziwa, bomba moja, na mngurumo usiokwisha. Si mara moja alimwomba, nionyeshe bahari basi, mwanangu. Naye kila mara alijibu, ngoja nikipata nafasi, baba. Mtu yuko baharini miaka miwili, na baba yake hajawahi kuonyeshwa bahari.

— Ndizo hizo, alisema.

— Ndizo nini, mzee wangu?

— Moja, mbili na tatu.

Mzee Pasi alinusa kitu, akaiondoa pasi haraka. Shuka ya zahanati ilikuwa imeanza kupata rangi ya chai. Katika miaka mingi ilikuwa ya kwanza kuunguza. Akaiweka pembeni, akachukua simu, akaandika kwa kidole kimoja swali la muuguzi kama lilivyo, hakuongeza neno. Akaituma.

Wakangoja. Saa nne na nusu ikapita, saa tano ikaingia. Muuguzi alikuwa na kila haki ya kwenda kulala, lakini hakuondoka. Jibu lilipokuja, Mzee Pasi alilisoma dirishani, akalisoma tena, kisha akamnyooshea Mama Birika simu. Mama Birika akasoma kwa sauti, polepole.

— "Baba, nilikuwa naomba usiliulize hilo. Sisi wa chini haturuhusiwi kupanda, na abiria hawashuki. Kazi ni saa kumi na moja kwa siku. Siku ya kupanda watu nimeomba nisimame ngazini dakika kumi, hawajanijibu, kwa hiyo sikuahidi. Lakini sikukuita tuonane. Likizo yangu itakuja, nitarudi nyumbani, tutaonana mpaka unichoke. Nilichotaka ni wiki moja tu ulale kwenye shuka ambayo hukuipiga pasi wewe. Umewahi, baba?"

Gari lilipita, likatimua vumbi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyefunika kikombe chake kwa kiganja.

— Umewahi? aliuliza Kipara. Hakuwa anatania.

Mzee Pasi alitafuta. Alirudi nyuma mwaka kwa mwaka, kama mtu anayetafuta soksi ya pili.

— Siku ya harusi yangu shuka nilipiga mwenyewe, asubuhi, kabla ya kuvaa. Hakukuwa na mwingine wa kumwamini. Na mwaka ule nilipolazwa zahanati, usiku wa kwanza napapasa pembe, nakuta sikio.

— Mpaka leo zinatoka hapa, alisema muuguzi. Wagonjwa huwa wanalichezea hilo sikio wakikosa usingizi. Nilidhani ni mshono.

Mzee Pasi akamwangalia. Hilo hakuwahi kulijua.

— Sasa tuseme ukweli, alisema Dakika. Bei ya mashine nzima. Anakwenda kukaa juu ya kichwa cha mtoto wake siku saba, na huenda asimwone. Mimi hesabu yangu inakataa.

— Na hiyo mashine ingempumzisha mkono maisha yake yote, alisema Kipara. Si siku saba. Mimi ningenunua mashine, halafu namngoja binti aje likizo. Bila utani, mzee wangu.

— Mtoto ameomba, alisema Mama Birika. Ameomba kitu kimoja.

— Ameomba kitu cha bei mbaya.

— Vya bei nzuri baba yake alikwisha kumpa vyote mwenyewe.

Waliendelea hivyo, kwa sauti za chini, na kila mmoja alikuwa na haki. Mzee Pasi aliwasikia kama mtu anayesikia majirani nyuma ya ukuta. Alikikunja na kukikunjua kifundo cha mkono. Kiliuma palepale pa siku zote. Kingeendelea kuuma, hilo alilijua na hakujidanganya. Alifikiria yule mtoto juu ya sanduku la sabuni, akinyoosha shuka kubwa kuliko yeye, na jinsi alivyouliza siku ile: baba, na hii ni ya nani? Ya mteja. Na hii? Ya mteja. Na yetu iko wapi?

— Dakika, saa ngapi?

Dakika aliangalia mkono, akachagua saa aliyoiamini.

— Sita kasoro dakika kumi na tisa.

Mzee Pasi akaandika. Mama Birika, aliyekuwa karibu na dirisha, hakujizuia kusoma: *Andika jina langu. Ila kwenye shuka yangu kunja sikio, nijue ni wewe.*

Safari hii jibu halikukawia. Alilisoma mwenyewe, kwa sauti.

— "Msimamizi ananigombeza kila siku, baba, na kila siku nakunja."

Kipara akajipangusa kichwa chote kwa kiganja, kutoka paji la uso mpaka kisogoni.

— Na mwenye mashine?

— Nitapita jioni nimwambie ampe mwingine, nimpe na shukrani zake.

— Kwa hiyo inafaa bei ile, au haifai? Maana tumekaa hapa tangu asubuhi.

Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Kipara, likatoa mashapo na tone moja. Muuguzi akazichukua sare zake, akaaga, akalikwepa tundu la kitasa bila kuangalia.

Dakika alikuwa bado ameinamia karatasi ya tisa, lenzi jichoni. Alikuwa ametoa penseli yake nyembamba ya kuandikia namba za saa, na chini ya ghorofa ya nne, ndani ya ile bluu, alikuwa anachora mistari mitatu iliyonyooka. Akaandika tatu. Akaandika mbili. Akaandika moja. Kwenye ghorofa ya kwanza akachora meza ndogo, na nyuma ya meza mtu mdogo, na juu ya kichwa cha mtu yule akaanza kuchora duara.

— Hiyo ni nini? aliuliza Mzee Pasi kutoka dirishani.

— Dirisha.

— Lifute, Dakika. Huko hawana.

Dakika akailowesha ncha ya kidole, akalifuta.